Saa ya Maji na Saa ya Jua

Mwalimu Warigia, nimekuambia mara tatu kwamba mimi si mtu wa kuandika. Ulikuja gumbaru, darasa hili la watu wazima, kutufundisha sisi wazee kusoma, tukakubali. Tumejua herufi, tumejua kusoma jina la kijiji kwenye kibao na jina la dawa kwenye chupa. Sasa ati haitoshi, kila mtu aandike maisha yake kurasa kumi. Kurasa kumi! Nimezaa watoto sita na hakuna hata mmoja aliyenisumbua hivyo. Penseli inaniuma kidole, na mahindi yangu hayajapaliliwa. Na hao wenzangu darasani wameshakuambia, muulize mama Mutahi habari ya magari, yeye ndiye anajua. Ndiyo, najua. Lakini siku zile walizokuwa wakinicheka, hawakusema kwamba najua.

Basi nitaandika mara moja tu. Usinichoree mistari myekundu. Pale nimekosea, jua nilitaka kusema nini.

Jina langu ni Murugi. Nilizaliwa upande wa Kerugoya, nikaolewa huku Kwa Kabura wakati wa vita vya pili vya Wazungu. Kwa Kabura ni maduka manne na kanisa, kwenye barabara ya kutoka Nyeri mjini kwenda Endarasha. Mume wangu Ngatia alikufa mwaka wa 1974. Mutahi, mtoto wangu wa kwanza, ni tarishi wa ofisi huko Kerugoya, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nalima viazi na kabichi, na mchana nikipumzika nasuka viondo, vikapu vyetu vya mkonge, chini ya kibanda changu kando ya lami. Nimekaa kwenye kibanda hicho miaka kumi na sita. Hakuna gari lililopita hapo ambalo sikulisikia.

Lami ililetwa mwaka wa 1972. Zamani barabara ilikuwa ya udongo na mawe, gari linakuja kama mtu aliyeumwa mguu, unaweza kumaliza safu moja ya kiondo kabla halijafika. Lami ilipokuja, magari yakapata miguu, yakaanza pia kuanguka. Leo moja kwenye mtaro, kesho jingine kwenye ua wa mtu, keshokutwa ng'ombe amevunjwa.

Mwisho wa mwaka wa 1973 alikuja polisi na daftari. Akauliza watu waliokuwa dukani, hapa yameanguka magari mangapi mwaka huu? Mmoja akasema hamsini. Mwingine akasema sita. Mzee wa kanisa akasema hawezi kuhesabu lakini yote ni Desemba, ni walevi wanaokuja nyumbani kwa Krismasi, usiku. Wote wakakubali, Desemba, usiku, walevi. Polisi akaandika hivyo, akaenda zake.

Mimi nilikasirika. Sipendi mtu aseme kitu ambacho hajahesabu. Lakini mimi sikujua kuandika wakati huo, hata jina langu. Nilichojua ni kusuka.

Basi Januari nikaanza kiondo kisichouzwa. Kiondo huanzia kitako, unazunguka, unapanda. Nikasema, kila wiki nitasuka mzunguko mmoja tu. Mwaka ukiisha, kiondo kimefika mdomo. Halafu nikakigawa pande nne. Upande wa kwanza ni asubuhi, wa pili ni mchana, wa tatu ni jioni, wa nne ni usiku. Gari likianguka, naingiza uzi mwekundu kwenye mzunguko wa wiki hiyo, upande wa saa hiyo. Kama halijaanguka, mkonge mweupe peke yake. La usiku nalisikia kutoka kitandani, na asubuhi watu wanaeleza. Ni kazi rahisi, hata mtoto angeweza. Watu walifikiri nasuka maua.

Kwa kweli, miaka ya kwanza hata mimi nilifurahia tu kujua idadi. Nikiulizwa magari mangapi, nasema kumi na tisa, na ukibisha njoo uhesabu. Sikuangalia zaidi ya hapo. Hilo ni kosa langu na nimeliandika hapa kabla mtu mwingine hajalisema.

Mwaka wa 1976, mwezi wa tisa, aligongwa Kagure.

Kagure alikuwa rafiki yangu, tuliolewa mwaka mmoja. Kuanzia wakati mfereji wa maji, bomba moja la kijiji kizima, ulipowekwa Kwa Kabura, ulikuwa upande ule wa lami na nyumba zetu upande huu, kwa hivyo kila jioni wanawake wanavuka kwenda na kuvuka kurudi. Ukirudi una debe limejaa mgongoni, umelifunga na mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye kipaji cha uso. Anayebeba hivyo huinama. Haoni kitu isipokuwa miguu yake. Hawezi kugeuza shingo kushoto wala kulia, ataanguka na debe. Husikiliza tu, anavuka.

Pikapu ya mikate kutoka Nyeri ilimgonga akiwa katikati ya barabara. Alikufa hapo hapo. Dereva aliitwa Jumaa, kijana wa Majengo mjini, Mwislamu. Alishuka akakaa chini kwenye lami, akashika kichwa. Watu walitaka kumpiga, wengine walimpiga. Wote walisema mlevi. Polisi walimchukua, wakamshika wiki kadhaa, wakamwachilia. Mimi pia nilisema mlevi. Niliweka uzi mwekundu, nikalia, nikaendelea.

Miaka miwili baadaye pikapu ya mikate ilirudi, na dereva alikuwa Jumaa yule yule. Mwenye duka alikataa kuongea naye, anachukua mikate na kuangalia ukuta. Gicheru, mume wa Kagure, akimwona anaingia nyumbani kwake na kufunga mlango. Mimi nilikuwa namtazama kutoka kibandani, na nikaona jambo. Jioni, akipanda kutoka kule kwenye kijito, kabla hajafika kwetu, anapunguza gari mpaka linatembea kama mtu, halafu anatoa kichwa nje ya dirisha. Kichwa chote na bega. Asubuhi hafanyi hivyo. Akirudi mjini hafanyi hivyo.

Siku moja nikamsimamisha.

"Wewe kijana, kwani shingo yako ina nini?"

Alishtuka. Kwa Kabura hakuna mtu alikuwa akimwita. Akazima gari. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza shingo."

"Sioni, mama. Hapo juu sioni kitu. Unatoka kwenye giza la miti kule chini, ukitokeza tu juu, jua limekaa katikati ya barabara. Kioo chote kinakuwa cheupe kama maziwa. Nikitoa kichwa angalau naona ukingo."

"Na siku ile?"

"Siku ile sikutoa kichwa. Sikujua. Njia hiyo nilikuwa nimeipita mara mbili tu. Nilisikia mlio, mama. Sikumwona yule mama mpaka niliposhuka."

"Walisema ulikuwa umelewa."

"Mimi hata uji uliochacha sinywi."

Hiyo ilikuwa kweli, baadaye nilimpa uji nikaona. Aliunusa akaurudisha kwa adabu.

Nilienda nyumbani nikatoa viondo vyangu. Vilikuwa vimefika vitano na cha sita kilikuwa kinasukwa. Nikavipanga chini kwa mstari, upande wa jioni ukinitazama mimi. Nikakaa. Sikupika siku hiyo.

Desemba ilikuwa na wekundu, ndiyo, kule juu karibu na mdomo, upande wa usiku. Moja hapa, mbili pale. Mwezi wa nne, mvua ya kwanza inaponyesha juu ya lami yenye vumbi na mafuta, kulikuwa na kidogo. Mwezi wa saba, wakati wa baridi na ukungu, asubuhi huoni mkono wako, nilifikiri nitakuta mengi. Yalikuwa matatu kwa miaka yote. Nafikiri ni kwa sababu kwenye ukungu dereva anaogopa.

Lakini upande wa jioni! Kila kiondo kilikuwa na mabaka mawili mekundu, mahali pale pale, kama ng'ombe wa mama mmoja. Baka la chini ni mwisho wa mwezi wa tatu. Baka la juu ni mwisho wa mwezi wa tisa, na hilo ndilo kubwa, maana mwezi wa tatu mara nyingine mawingu ya mvua hufunika jua. Wiki mbili, wiki tatu, halafu linaisha. Na nilikumbuka saa, kwa sababu nilikuwa hapo. Yote yalikuwa kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili, kabla jua halijaingia nyuma ya milima ya Nyandarua.

Barabara yetu kutoka kijitoni imenyooka kuelekea Nyandarua kama imechorwa na rula. Jua nalo kwa mwaka linatembea. Mwezi wa sita linazama upande wa kulia wa barabara, Desemba linazama upande wa kushoto, na mara mbili kwa mwaka likipita kwenda na kurudi, linazama barabarani kabisa. Mkulima yeyote anajua jua linatembea. Tulikuwa tunajua jua na tunajua barabara, hatukuwa tumeyaweka pamoja.

Na mfereji ulikuwa ukifunguliwa saa ngapi? Saa kumi na moja na nusu.

Huo ulikuwa mwezi wa nane mwaka wa 1979. Watiri, mke wa Mutahi, alikuwa na mimba ya miezi sita, na ndiye aliyekuwa akileta maji ya nyumba yetu, kwa sababu mimi goti lilikuwa limekataa debe. Mwezi wa tisa ulikuwa mlangoni. Nilimwambia Watiri asiende mferejini, akanitazama kama nimeugua.

"Sasa mama, tutakunywa nini? Na hata mimi nikikaa, wengine je?"

Alikuwa na haki. Kumwondoa mmoja hakusaidii. Ilikuwa lazima saa ibadilike.

Shida ilikuwa Wamae. Yeye ni ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, na komiti ya maji ilimpa yeye spana ya kufungulia, kwa sababu ni mkali na hakuna mtu anaweza kumwibia maji. Kijiji cha juu walikuwa wakichukua maji mpaka saa kumi, halafu yanateremka kwetu. Kwa hivyo saa kumi angeweza kufungua. Lakini saa kumi Wamae anakunywa chai, anakama, anasikiliza redio, ndipo anakuja akitembea na spana begani kama bunduki.

Na mimi na Wamae tulikuwa hatuongei, mwaka wa tano huo. Kwenye mazishi ya Ngatia alisimama mbele ya watu wote akasema ndugu yake alikuwa mtu mnyamavu kwa sababu mke wake hakumwachia nafasi ya kusema. Watu walicheka, kwenye mazishi. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa ya siku hiyo. Niliapa sitaongea naye mpaka aombe msamaha, na yeye si mtu wa kuomba.

Kwanza nikamwendea mzee wa kanisa. Akasema watafanya maombi ya barabara mwezi wa kumi na moja, kabla ya Desemba. Nikasema si Desemba. Akasema, mama Mutahi, kila mtu anajua ni Desemba. Nikamwendea mwenyekiti wa komiti. Akasema mambo ya spana ni ya Wamae.

Basi nilivaa leso yangu nzuri, nikachukua viondo vitano, nikaenda kwa Wamae. Ni hatua mia mbili kutoka kwangu na ilikuwa safari ndefu kuliko ya Kerugoya.

Alikuwa chini ya ng'ombe, anakama. Aliniona, akaendelea kukama.

"Shemeji," nikasema.

"Kumbe bado una ulimi," akasema. "Nilifikiri umeuzika na ndugu yangu."

"Nimekuja kwa sababu ya saa ya maji."

Nilipanga viondo kwenye nyasi nikamweleza, wiki, pande, jua. Alikuja na ndoo ya maziwa, akavizunguka.

"Hii ni hesabu ama ni sweta?"

"Hesabu kama unajua kuhesabu."

"Ajali ni Desemba. Basi la 1975 lilianguka Desemba, watu wanane."

"Unakumbuka basi kwa sababu lilikuwa basi. Haya mengine ni gari moja, mtu mmoja, ng'ombe mmoja, mnasahau. Kagure alikufa Desemba?"

"Kagure aligongwa na mlevi."

"Jumaa hanywi hata uji uliochacha."

"Ati sasa wewe ni wakili wake? Yule alimuua rafiki yako."

Hapo maneno yalinipata. Halafu nikasema, "Panda gari lake. Kaa pale mbele, saa ya jua, tarehe ishirini na moja mwezi ujao. Mimi nitasimama barabarani na debe mgongoni. Ukiniona kutoka mbali, nitakuomba msamaha mbele ya kanisa na nitavichoma hivi viondo. Usiponiona, utafungua maji saa kumi."

Akacheka. "Na ukigongwa? Watasema nilikuua."

"Utakuwa umepata faida, shemeji. Utapata mazishi mengine ya kuhutubia."

Aliangalia ndoo yake. Nilifikiri atanifukuza. Akasema, "Nitakuona kutoka kijitoni. Wewe ni mwanamke mnene."

Jumaa ndiye alikataa. Nilimweleza kando ya pikapu, akaanza kutikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Hapana, mama. Hapana. Mimi hapo nilishaua mtu. Leo unataka nije na wewe umesimama?"

"Utaendesha mwendo wa ng'ombe aliyeshiba."

"Hata kama. Nikiwa sioni, mwendo hausaidii."

"Jumaa, hapa kila mtu anasema ulikuwa mlevi. Utabeba hilo jina mpaka lini?"

"Nitalibeba. Jina haliui mtu."

"Saa hiyo inaua. Wiki zile zikifika, kutakuwa na wanawake ishirini wanavuka na vichwa vimeinama, na mmoja ana mimba ya mjukuu wangu. Wewe utatoa kichwa nje. Madereva wengine watatoa?"

Alifuta mikono kwenye suruali muda mrefu. Mwisho akasema atahesabu nguzo za ua wa kanisa, kwamba mimi nisimame kwenye nguzo ya kumi na mbili, si ya kumi na moja wala kumi na tatu, na yeye atasimamisha kwenye ya kumi, aone asione. Tukakubaliana hivyo, na Wamae asiambiwe habari ya nguzo.

Tarehe ishirini na moja haikuwa na wingu. Wamae alifungua mfereji, akateremka kijitoni kungoja pikapu. Watiri alinifunga debe mgongoni, mikono yake ikikaza mukwa zaidi ya inavyotakiwa.

"Mama, wewe ni mtu mkaidi."

"Kaza vizuri, usiongee."

"Ukifa nitamwambia Mutahi nilikukataza."

"Mwambie."

Wanawake wa mferejini waliniona nimesimama kwenye lami bila kuvuka, wakaanza. "Mama Mutahi, umesahau njia?" "Mwacheni, anasubiri bwana arusi!" Niliwaambia wakae kando ya mtaro, na wakae mbali. Walicheka lakini walikaa, maana walitaka kuona.

Nilikuwa nimesuka kando ya barabara hiyo miaka saba na sikuwahi kujua ilivyo kuisimamia na kichwa kimeinama. Niliona vidole vyangu na ufa kwenye lami. Basi. Maji yanacheza mgongoni. Nikasikia gari kule chini kwenye miti, halafu nikalisikia juu, na sikuweza kusema liko kushoto au kulia. Kila upande lilikuwa lile lile. Nilijua Jumaa anaendesha polepole na bado nilitaka kukimbia. Nikafikiria Kagure. Yeye alikuwa na gari lililokimbia.

Halafu nikasikia sauti ya Wamae ikitoka dirishani, ya kukasirika.

"Yuko wapi? Amekimbia! Nilijua huyu mwanamke atakimbia!"

Gari likasimama. Nilisikia mlango. Nikasikia viatu vyake vinakuja, vinasimama, vinakuja tena. Akanigonga na bega lake, kwa sababu alikuwa amefunika macho na mkono.

"Ai!" akasema.

Niliinua uso kiasi nilichoweza. Kati ya debe langu na pua ya gari zilikuwa hatua nne. Jumaa alikuwa ndani, ameshika usukani na mikono miwili, midomo inasema kitu ambacho nafikiri ni sala.

Wamae aligeuka akatazama barabara alikotoka. Kutoka upande huo, jua likiwa nyuma yako, unaona kila jani. Akageuka tena upande wa jua, akafunga macho. Akafanya hivyo mara mbili.

"Hilo debe lina maji?" akaniuliza.

"Limejaa."

"Umemwaga nusu. Hayo ni maji ya komiti."

Halafu akafungua mukwa, akaliteremsha debe yeye mwenyewe. Mwanamume wa umri wake kubeba debe la mwanamke mbele ya watu si jambo dogo kwetu. Alilibeba mpaka mlangoni kwangu, hakusema neno, na mimi sikumsaidia kusema.

Kesho yake alifungua mfereji saa kumi. Watu wakamuuliza sababu, akasema ni presha ya maji, saa kumi na moja presha imekuwa mbaya. Mpaka leo ukimuuliza atakuambia presha. Lakini Jumaa alipofika na mikate, Wamae alisimama dukani akasema kwa sauti, "Nimepanda gari la huyu. Si mlevi. Mimi mwenyewe nilikuwa na macho yangu yote na sikuona mwanamke mnene kama yule." Mwenye duka akaanza kumsalimu Jumaa. Gicheru hajamsalimu hata sasa, na mimi simlaumu. Mke alikuwa wake.

Msifikiri nilishukuriwa. Saa kumi watu bado wako shambani. Wanawake walilazimika kuacha jembe kwenda kuteka maji, halafu kurudi. Wawili waliniambia uso kwa uso nimewaharibia kazi kwa sababu ya ndoto zangu za kiondo. Na kwa sababu hakuna aliyegongwa mwezi huo wa tisa, walisema, unaona, hakuna kitu. Nifanye nini? Mtu ambaye hajagongwa hawezi kuja kukushukuru, hajui ni yeye.

Magari yenyewe yaliendelea kuingia mtaroni mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, hiyo sikuiweza. Niliomba watu wa barabara waweke kibao kule juu kabla ya miti kuisha. Walikuja kuangalia mwezi wa kumi na mbili, saa nne asubuhi, wakasema wanaona vizuri sana. Lakini mtu wa mferejini hakugongwa tena, hata mmoja, mpaka mwaka wa 1985 tulipowekewa maji kila nyumba. Watiri alijifungua msichana mwezi wa kumi na moja, mzima, akaitwa Murugi jina langu, kama desturi inavyotaka.

Mwalimu Warigia, nimemaliza, na ni zaidi ya kurasa kumi, usiniambie habari ya maandishi makubwa. Sasa ni zamu yako, wewe na kila mtu utakayempa kusoma hii. Ile shule ya watoto unayofundisha Ruring'u inafungulia watoto saa ngapi jioni, na lango linaangalia wapi? Usinijibu kutoka kichwani. Nenda usimame hapo, mwisho wa mwezi wa tisa, saa kumi na moja na nusu, upande ambao magari yanatoka, utazame mbele kama dereva. Kama huoni watoto, mtafute yule mwenye ufunguo wa lango, hata kama hamjaongea miaka mitano, umwambie abadilishe saa. Halafu uje kibandani uniambie alijibu nini. Nitakuwa nakungoja.